Pedi ya Bomani, Kibodi ya Issenye

Issenye,
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Awino,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, ng'ombe wazima, na kidato cha nne wanaanza mtihani wao kesho, kwa hiyo shule imetulia. Najua Mama unamsomea barua hizi kwa sauti. Basi Mama, shikamoo, na dawa za presha uzinywe hata siku unazojisikia vizuri.

Flashi nimempa konda wa gari la Mugumu kama kawaida. Mwalimu mwenzangu aliniona naifunga kwenye bahasha, akauliza kwa nini nisitume kwa simu. Nikamwambia mtandao wa huku hauwezi kubeba mzigo huo. Nikamweleza kwamba mimi na mdogo wangu tunacheza gemu moja, mtu mmoja. Tulimtengeneza pamoja, tukampa jina Aloo, tukampa upinde na ulimi mzuri wa kuongea na watu, na tangu hapo anasafiri. Mimi namtembeza majuma kadhaa, nasevu, naipeleka Bomani. Mdogo wangu anaendelea palepale, kisha anairudisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaomba na yeye acheze.

Sasa swali lako. Unauliza ununue pedi ya kuchezea gemu au kibodi nzuri. Awino, hilo si swali. Kwa gemu la kukimbizana na kupigana tu, chukua pedi. Hili letu ni la mtu mwenye maisha yake. Ana mkoba, ana dawa za kila aina, ana ramani, ana maneno ya kuchagua akiongea na watu. Kwenye kibodi kila kitu kina mlango wake: namba moja upinde, namba mbili dawa, M ramani. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, unalenga fisi akiwa mbali. Mkono wa kushoto uko kwenye herufi zake nne, W, A, S, D, na Aloo anakwenda ninakowaza. Vidole hata sivitazami.

Nunua kibodi. Nimemaliza.

Kaka yako,
Orwa

Bomani,
1 Desemba 2024

Kaka Orwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anasema dawa anakunywa na kwamba wewe ndiye wa kukumbushwa kula. Shangazi alivuka kutoka Migori kupitia mpaka wa Sirari akakaa nasi siku chache, kaleta dagaa na maneno mengi, kaondoka na kuku wetu mmoja. Kazi inakwenda. Watu wa kuchapa barua na kutoa kopi hawaishi.

Kaka, nimenunua pedi.

Usikunje uso. Nimekaa na kibodi kutwa nzima nikichapia watu mihtasari ya vikao. Jioni nikiketi tena mbele ya kibodi naona kama Aloo naye ni mteja. Pedi naishika mapajani, naegemea kiti, naweka miguu juu ya stuli. Na kuna jambo ambalo wewe na herufi zako nne huwezi kulipata. Kwenye kibodi Aloo ama amesimama ama anakimbia. Kijiti cha pedi nikikisukuma kidogo, anatembea polepole. Juzi nilimwingiza sokoni kwa mwendo wa mwanamke aliyevaa nguo mpya. Nilimwona mtu, Kaka, kwa mara ya kwanza.

Kulenga, nakubali, nakosa. Mishale imepungua, utaona. Lakini gemu la namna hii nusu yake ni kutembea na nusu ni kuongea, na vyote viwili havihitaji haraka.

Njoo Krismasi ubishane nami uso kwa uso. Kuna mgeni nataka umwone.

Wako,
Awino

Issenye,
19 Januari 2025

Awino,

Nilifika salama. Mwambie Mama vitumbua alivyonifungia viliishia Nyamongo, wenzangu garini walikuwa na njaa kuliko mimi.

Mgeni wako nimemwona. Huyo Wangwe nilitaka kumchukia, maana kaka mkubwa ana haki hiyo angalau siku moja, ila alinishinda pale ulipompa pedi akaiweka mezani taratibu akasema, "Samahani, mimi ni mtu wa kibodi." Fundi umeme, Mkurya wa Itiryo, na ana akili! Ulivyomkodolea macho nilidhani ndoa imekufa kabla ya posa.

Tuongee kikubwa. Baba hayupo, kwa hiyo nafasi yake ni yangu. Waambie watu wake waje mwezi wa tatu, nikishamaliza kulima. Nitakuwa mlangoni kuwapokea mimi mwenyewe. Mkurya au Mjaluo, mimi natazama mtu. Mama naye nilimuuliza jikoni, akaniambia ng'ombe wa Itiryo ni wazuri. Sina cha kuongeza.

Aloo nimemfikisha kwenye geti la mji wa juu. Walinzi hawamfungulii. Nimejaribu maneno yote. Nadhani ni lazima apigane, au apande ukuta. Mwongoze wewe na miguu yako juu ya stuli, tuone.

Orwa

Bomani,
23 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Mvua zimewahi huku, natumaini na kwako, maana ulisema shamba linasubiri. Mama ana kikohozi kidogo ila anapika.

Siku imepatikana. Jumamosi tarehe 22 Machi. Anakuja Mzee Matiko, baba yake Wangwe, na ndugu zake. Mama ameshaazima viti. Shangazi atavuka. Wewe fika Ijumaa, tukae pamoja kidogo kabla nyumba haijajaa wazee.

Geti limenishinda. Nimepanda ukuta, nikaanguka. Aloo yuko chini amepungukiwa damu, lakini mishale nimemnunulia mingi. Hapo panahitaji mtu wa kipanya, nakiri. Mpige yule mlinzi wa juu kutoka mbali kwa hiyo kibodi yako unayoisifu, halafu njoo nayo ukijigamba.

Nakusubiri kwa furaha nyingi,
Awino

Issenye,
16 Machi 2025

Awino,

Salamu kwa Mama. Mvua huku ni nyingi na shule ina mambo. Sitaweza kufika tarehe hiyo. Waombe wageni wasogeze mpaka baada ya Pasaka.

Flashi hiyo hapo.

Orwa

Bomani,
6 Aprili 2025

Kaka Orwa,

Shikamoo. Mama hajambo. Viti vimerudi kwa wenyewe.

Nimekupigia simu, inaita tu. Basi naandika.

Unajua ilivyokuwa kumwendea Mzee Matiko kumwambia msogeze siku, kaka yangu ana mambo ya shule? Wangwe ndiye aliyekwenda. Baba yake alimsikiliza, akamuuliza, "Huyo mwalimu hatutaki sisi?" Wangwe akasema, "Hapana, ni mvua." Mzee akatazama nje. Jua lilikuwa kali.

Kwa hiyo nakuuliza na mimi. Ni kwa sababu ni Mkurya? Ulisema unatazama mtu. Kama umebadili mawazo, niandikie nilie mara moja yaishe. Mama nikimsomea barua yako anasema umechoka tu na kulima. Mimi sidhani.

Kitu kingine. Nimefungua flashi. Aloo yuko palepale chini ya ukuta, amepungukiwa damu vilevile, mishale yote ipo. Hukumpa hata dawa, na dawa ni namba mbili, wewe ndiye uliyenifundisha. Kuna sehemu moja tu amesogea, kushoto, kushoto, mpaka amejibanza kwenye kona. Wewe humwachi mtu hivyo. Ni nini?

Awino

Issenye,
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Shikamoo Mama, naambiwa kikohozi kimeisha, namshukuru Mungu.

Wangwe sina neno naye. Baba yake sina neno naye. Hilo liandike ukutani kwako, usiniulize tena. Kuja nitakuja. Siku nitakupa.

Nina swali dogo. Ile pedi yako, unaishikaje hasa? Nauliza kwa ajili ya mwanafunzi mmoja anayetaka kununua. Uzito wake unakaa kwenye viganja au kwenye vidole? Kile kijiti cha kutembelea kinasukumwa na gumba peke yake? Na vile vitufe vya nyuma, vya upande wa kushoto, ni lazima vibonyezwe na kidole cha shahada, au mtu anaweza akavibonyeza na kingine? Na cha kati kinafanya kazi gani, au kinashikilia tu?

Nijibu kwa utulivu, usifanye mzaha.

Orwa

Bomani,
18 Mei 2025

Kaka yangu,

Barua yako imefika leo na hii naiandika leo. Hii sitamsomea Mama. Nimemwambia umeandika kuhusu mahindi.

Nilitaka kukujibu vizuri, nikaichukua pedi, nikaanza kutazama vidole vyangu kimoja kimoja kama ulivyouliza. Gumba, kiko kwenye kijiti. Cha shahada, nyuma. Cha kati, kinashikilia. Nikaona umeuliza upande mmoja tu. Mwanafunzi gani hana haja na mkono wa kulia? Nikakumbuka Aloo alivyojibanza kushoto. Nikaiweka mikono kwenye kibodi, nikatazama ni kidole gani kinachobonyeza kwenda kushoto. Ni cha pete. Vile vingine vya kwenda mbele, nyuma na kulia ni cha kati na cha shahada.

Orwa, mkono wako wa kushoto umepatwa na nini?

Usipotaka kuniambia, usiniambie. Lakini swali lako nalijibu. Kutembea ni gumba peke yake. Uzito unakaa kiganjani, vidole vya mwisho viwili vinatosha kuushika, nimejaribu hivyo asubuhi nzima. Kitufe cha nyuma kushoto ndicho cha kuvuta upinde, na bila shahada kinasumbua. Kwa hiyo nimekihamishia upande wa kulia. Unavuta na kuachia kwa mkono mmoja. Nilimwomba Wangwe anisaidie kupanga, akapanga, hakuniuliza ni kwa nini. Yamo kwenye flashi pamoja na maelezo. Kipanya pia usikitupe. Unaweza kulenga nacho ukiwa umeketi mezani, na pedi ukailaza mapajani kwa kutembea tu.

Kifurushi kina pedi yangu. Konda alipouliza kuna nini nikasema pedi, akarudisha mkono nyuma kama ameungua. Ilibidi nifungue nimwonyeshe kwamba ni ya gemu.

Nitanunua nyingine. Hii ni yako.

Awino

Issenye,
1 Juni 2025

Awino, mdogo wangu,

Kifurushi kimefika. Nakaa kukuandikia ya kweli, na umefanya vyema kutomsomea Mama. Ndiyo maana nilinyamaza. Kila neno langu linapita masikioni mwake, na ile presha yake naiogopa kuliko ng'ombe.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Tulikuwa tunalima mimi na Thadeo, jirani yangu, yeye ameshika plau nyuma, mimi naongoza mbele. Kamba ya dume nilikuwa nimeizungusha mkononi, kushoto. Kila mtu anajua haizungushwi. Mimi pia najua, huwa nawafokea wengine. Ikapita bodaboda barabarani ikapiga honi. Dume likaruka. Sikusikia maumivu, nilisikia tu mkono umekuwa mwepesi. Thadeo alivua shati akanifunga, akasimamisha bodaboda ileile, akanishikilia kwa nyuma mpaka hospitali. Cha shahada na cha kati vimekwenda. Kidonda kimepona vizuri, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Darasani sina shida, naandika kwa kulia. Nauweka mfukoni, wanafunzi wameshazoea, wanadhani ni maringo mapya. Shida ilikuwa tarehe 22 Machi. Nilifikiri: wanakuja Wakurya, watu wa ng'ombe, mimi nasimama mahali pa Baba kupokea habari ya ng'ombe, na mkono wangu umekatwa na kamba ya ng'ombe kwa uzembe wa mtoto. Niliwaona wakinicheka, na mimi nikicheka pamoja nao. Nikaona heri wanione mkaidi.

Nilijaribu kumchezesha Aloo kwa vidole vilivyobaki. Alikwenda kushoto, akagonga ukuta. Nikazima kompyuta nikaifunika kwa kitambaa. Mtu niliyekuwa namtembeza bila kutazama vidole! Hapo ndipo niliposikia uchungu, Awino, wala si hospitali.

Pedi yako nilikaa nayo siku nzima sijaitoa kwenye mfuko. Jumamosi Thadeo alikuja, akaiona.

"Hii ni nini?"

"Ya gemu. Ametuma mdogo wangu."

"Sasa mbona iko mfukoni?"

"Nitaishikaje?"

Akaitoa, akanitilia mkononi, akavikunja vidole vyangu viwili vya mwisho chini yake kama mtu anayenivisha kiatu. "Hivyo," akasema. "Haijaanguka." Akakaa kutazama.

Gumba likafanya kazi. Aloo alitoka kwenye ile kona. Alitembea, Awino, polepole, kama ulivyosema, na mimi sikuwahi kumwona akitembea. Nikampa dawa. Nikavuta upinde kwa mkono wa kulia. Nilikosa, nikakosa tena, Thadeo akawa anazomea. Nikashusha kipanya mezani, nikaiacha pedi mapajani kama ulivyoelekeza, nikalenga kwa kipanya na kutembea kwa gumba. Mlinzi wa juu akaanguka. Thadeo alipiga kelele majirani wakatoka nje.

Kwa hiyo hukumu yangu mpya, na sitaki ubishi. Kwa kulenga, kipanya bado ni mfalme. Kwa kutembea, pedi. Mwenye kuchagua kimoja tu ana mikono mizima na hana haja ya kufikiri.

Waambie watu wa Itiryo waje Jumamosi tarehe 28 Juni. Nitafika Alhamisi, nimwambie Mama mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, akiwa ameshakunywa dawa. Usimtangulizie.

Orwa

Bomani,
13 Julai 2025

Kaka Orwa,

Shikamoo. Natumaini umefika na kupumzika. Huku nyumba imekuwa kubwa ghafla baada ya viti kuondoka. Shangazi amerudi Migori na safari hii kachukua jogoo.

Nakuandikia usiyoyaona, kwa sababu wewe ulikuwa sebuleni na mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia nikiungua na mvuke wa pilau. Nilikuona ukisimama mlangoni. Nikaona umeutoa mkono mfukoni kabla hawajafika getini. Ulipompa Mzee Matiko mkono wa kulia, ule wa kushoto ukaushikiza chini ya kiwiko, kwa heshima, kama inavyotakiwa, na wote wakauona. Nilishika ukingo wa meza.

Mzee akakuuliza, "Ng'ombe?"

Ukasema, "Ng'ombe."

"Dume?"

"Dume."

"Bado unaye?"

"Ninaye. Jumatatu analima."

Akacheka mpaka fimbo ikamwanguka, akamgeukia Wangwe akamwambia, "Hapa tumefika kwa watu." Kaka, mimi nililia ndani ya pilau. Waliosema chumvi imezidi wana haki.

Wangwe anakusalimu. Anasema ile ya kipanya mezani na pedi mapajani hakuwahi kuifikiria, na ameanza kujifunza. Anakosa vibaya. Nafurahi.

Lakini nililotaka kukuandikia hasa ni la Mama. Ile Alhamisi ulipomwambia, ulisema umeshangaa hakulia, ameuliza tu kama umekula. Jumapili gari lako lilipoondoka alikaa uani kwenye kigoda, akalia kwa utulivu mpaka akamaliza. Sikumsogelea. Akanawa uso. Kisha akaja ofisini kwangu, yeye ambaye hajawahi kuigusa kompyuta hata kuifuta vumbi, akavuta kiti.

"Nipe kile anachoshika Orwa."

Nikampa pedi mpya. Akaigeuza, akaitazama kila upande. Akakunja vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha shahada na cha kati, akavibana kabisa kiganjani. Akauliza, "Sasa anafanyaje?" Nikamwonyesha kijiti. Aloo akaenda mrama, akagonga mti, akazunguka, akagonga tena. Nikamwambia, "Mama, vinyooshe tu vidole, itakuwa rahisi." Akazidi kuvibana. Alimsukuma taratibu kwa gumba, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, mpaka Aloo akaivuka barabara yote ile ya mji wa juu akafika kisimani.

Akaiweka pedi mezani. Akavinyoosha vidole vyake, akavitazama.

"Anaweza," akasema, akaenda kupika.

Mdogo wako,
Awino